Apejieta katika Sinthesaiza za Kinanda: Historia ya Mgawanyo wa Kazi kati ya Mkono na Mashine, 1978–2001

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya apejieta, yaani sehemu ya sinthesaiza ya kinanda inayopokea kordi iliyoshikwa na mpigaji na kuitoa noti moja baada ya nyingine kwa kasi iliyopangwa. Kipindi kinachoshughulikiwa kinaanza mwaka 1978, ilipotoka Roland Jupiter-4, na kuishia mwaka 2001, ilipotoka Korg Karma. Hoja kuu ni kwamba apejieta haikuwa pambo la kiufundi. Ilikuwa njia mahususi ya kugawana kazi: mpigaji alichagua noti, na mashine ikachagua mfuatano na wakati. Kila swichi iliyowekwa kwenye apejieta, iwe ya mwelekeo, upana, kasi, kushikilia au saa, iliweka mpaka wa mgawanyo huo. Makala yanaonyesha kuwa apejieta ilififia baada ya mwaka 1983 kwa sababu kazi yake ilihamishiwa kwenye sikwensa na kompyuta, na kwamba ilirejea pale wapigaji walipohitaji tena kuamua kwa mkono wakati muziki ukiendelea.

1.0 UTANGULIZI

Historia ya sinthesaiza imezoeleka kuandikwa kama historia ya sauti. Waandishi hueleza namna mawimbi yalivyozalishwa, namna vichujio vilivyoyapunguza, na namna mashine moja ilivyotofautiana na nyingine kwa ladha ya mlio wake. Kwa mtazamo huo, apejieta huonekana kuwa jambo dogo lisilostahili zaidi ya mstari mmoja katika orodha ya sifa za chombo. Sababu yake ni bayana: apejieta haitoi sauti yoyote. Inachofanya ni kuamua noti ipi ilie, na ilie lini.

Hata hivyo, uamuzi wa noti ipi na lini ndio kiini cha kazi ya mpigaji. Mwanafunzi wa kinanda hutumia miaka mingi kufundisha vidole vyake jambo hilohilo. Kifaa kinachoitwaa nusu ya kazi hiyo kinastahili kuchunguzwa kama sehemu ya historia ya kazi ya muziki, si historia ya mitambo peke yake. Maswali yanayoongoza makala haya ni matatu. Kwanza, ni mazingira gani ya kiufundi yaliyowezesha apejieta kuingizwa ndani ya kinanda? Pili, mipangilio yake ilimwachia mpigaji mamlaka gani, na ilimnyang'anya yapi? Tatu, kwa nini kifaa kilichopendwa mwaka 1982 kiliachwa katika vinanda vingi maarufu vya miaka michache iliyofuata, kisha kikarejea?

2.0 DHANA NA ISTILAHI

Neno apejio lina asili ya Kiitaliano, na linatokana na kitenzi chenye maana ya kupiga kinubi. Mpigaji wa kinubi hupitisha vidole juu ya nyuzi, na noti za kordi husikika zikifuatana. Kordi yenyewe ni noti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja. Kwa msomaji aliyelelewa katika kwaya za Afrika Mashariki, ambako nota za d, r, m zimetumika kwa vizazi kadhaa, tofauti hiyo ni rahisi kuiona. Kwaya inapoimba do, mi na so kwa pamoja, hutoa kordi. Mwalimu wa kwaya anapowapa waimbaji sauti zao kabla ya wimbo, do, kisha mi, kisha so, hutoa apejio. Noti ni zilezile. Kilichobadilika ni wakati wake.

Apejieta inapaswa kutofautishwa na vifaa viwili vinavyokaribiana nayo. Cha kwanza ni sikwensa. Katika sikwensa, mfuatano mzima wa noti huandaliwa kabla ya kupigwa, na mashine huurudia hata mtu akiondoka chumbani. Cha pili ni usindikizaji wa kujiendesha, unaopatikana katika vinanda vya nyumbani: mpigaji hushika kordi kwa mkono wa kushoto, na chombo huongeza ngoma, besi na vipande vilivyotungwa na kiwanda. Apejieta ipo katikati ya viwili hivi. Haina wimbo uliohifadhiwa, wala haina mtindo wa kiwandani. Inafanya kazi na noti zilizo chini ya vidole kwa wakati huo, na vidole vikiinuka, hunyamaza, isipokuwa kama imeagizwa kushikilia.

3.0 CHIMBUKO: MKONO ULIOFANYA KAZI YA MASHINE

Kazi ya apejieta ilifanywa na mikono kwa karne nyingi kabla ya umeme. Katika vinanda vya nyuzi vya karne ya 18, sauti ilififia upesi baada ya kitufe kubonyezwa. Kordi iliyopigwa mara moja ilikufa kabla wimbo haujafika mbali. Kuivunja kordi na kuirudia noti kwa noti kulikuwa njia ya kuidumisha hewani. Preludi ya kwanza katika kitabu cha kwanza cha vinanda vilivyosawazishwa cha Johann Sebastian Bach, cha mwaka 1722, imejengwa karibu yote kwa kordi zilizovunjwa namna hiyo.

Baadaye Domenico Alberti, mtunzi wa Italia, alihusishwa na mtindo wa mkono wa kushoto ambao mpaka leo unabeba jina lake: noti ya chini, ya juu, ya kati, kisha ya juu tena, yaani do, so, mi, so. Sonata ya Mozart inayojulikana kama K. 545, ya mwaka 1788, inaanza kwa mtindo huo. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mkono wa kushoto katika muziki huu hauamui mengi. Ukishaijua kordi na mfuatano, kazi inayobaki ni kurudia bila kuchoka na bila kuyumba. Kwa maneno mengine, mgawanyo kati ya kuchagua na kurudia ulikuwapo tayari ndani ya mwili wa mpigaji mmoja. Mashine iliyokuja baadaye iliuchukua mgawanyo huo na kuuweka nje ya mwili.

Hatua ya kwanza ya kuuweka nje ilikuwa sikwensa za analogi za miaka ya 1960 na 1970. Sikwensa ya Moog yenye namba 960 ilikuwa na nguzo 8 na safu 3 za vizungushio. Kila kizungushio kilitoa volteji iliyoamua kimo cha noti moja, na mtumiaji alilazimika kukisawazisha kwa sikio. Kundi la Tangerine Dream la Berlin liliijengea albamu yake Phaedra ya mwaka 1974 juu ya mfuatano wa aina hiyo. Mwaka 1973, kundi la Pink Floyd la Uingereza lilitumia sikwensa ya kidijiti ya chombo cha EMS Synthi AKS katika kipande cha On the Run: noti 8 ziliingizwa polepole, kisha zikaharakishwa mno. Mwaka 1977, Giorgio Moroder na Pete Bellotte, wakifanya kazi mjini Munich na mwimbaji Donna Summer, walitoa I Feel Love, ambamo mfuatano wa sinthesaiza ya Moog ulibeba wimbo mzima.

Nyimbo hizi hutajwa mara nyingi kuwa mifano ya apejieta, lakini sivyo. Vivyo hivyo, mlio wa haraka unaofungua Baba O'Riley ya kundi la The Who, ya mwaka 1971, ulitoka katika kinanda cha nyumbani cha Lowrey kilichokuwa na swichi ya kurudiarudia noti. Kwa upande mwingine, vipande vya kasi vya kordi zilizovunjwa katika opera ya Philip Glass, Einstein on the Beach ya mwaka 1976, vilipigwa na wanadamu kwa vidole vyao. Sikio peke yake haliwezi kutambua kila mara ni nani aliyefanya kazi, na ndiyo maana inafaa kuangalia jinsi vyombo vyenyewe vilivyoundwa.

4.0 MIKROPROSESA NA KUZALIWA KWA APEJIETA, 1978–1982

Sinthesaiza za awali zilitoa noti moja tu kwa wakati. Chombo cha noti moja hakikuhitaji kujua vitufe vyote vilivyobonyezwa. Kilihitaji volteji moja tu. Hali ilibadilika pale watengenezaji walipotaka sinthesaiza inayopiga kordi. Chombo chenye sauti 4 na vitufe vinne au zaidi vilivyobonyezwa kilihitaji kitu cha kuamua kitufe kipi kipewe sauti ipi. Jibu lilikuwa kinanda kinachokaguliwa kwa njia ya kidijiti, teknolojia ambayo Dave Rossum na kampuni ya E-mu Systems ya California waliichangia sana katika miaka ya 1970. Mzunguko wa umeme ulipita juu ya vitufe vyote mara nyingi kwa sekunde, ukaandika vipi viko chini, kisha ukagawa sauti.

Hapa ndipo chimbuko halisi la apejieta ya kinanda linapoonekana. Mikroprosesa inayojua vitufe vyote vilivyo chini ina tayari orodha kamili ya noti za kordi, kuanzia ya chini hadi ya juu. Kuzitoa moja baada ya nyingine badala ya zote kwa pamoja hakuhitaji mzunguko mpya wa sauti. Kulihitaji maagizo machache zaidi ndani ya programu, saa ya kuhesabu hatua, na swichi chache usoni mwa chombo. Kwa hiyo apejieta ilikuwa zao la pembeni la kutafuta kordi, na ilikuwa na gharama ndogo kwa mtengenezaji.

Roland ya Japani iliitumia nafasi hiyo katika Jupiter-4 ya mwaka 1978, chombo cha sauti 4. Si kila mtengenezaji aliyefanya hivyo: Prophet-5 ya Sequential Circuits, iliyotoka mwaka huohuo na kusifiwa zaidi, haikuwa na apejieta. Mwaka 1981 Roland ilitoa Jupiter-8, na Korg ikatoa Polysix, chombo cha sauti 6 kilichouzwa Marekani kwa bei ya chini kidogo ya dola 2,000. Vyote viwili vilikuwa na apejieta. Korg pia ilitoa Mono/Poly, ambamo kila hatua ya apejio iliweza kupewa chanzo chake cha sauti kati ya vinne vilivyokuwapo, hivi kwamba noti zilizofuatana zilitofautiana hata kwa rangi ya mlio. Mwaka 1982 zilifuata Juno-6, Juno-60 na SH-101 za Roland. Katika muda wa miaka minne, kifaa hiki kilikuwa kimetoka kuwa kipya hadi kuwa kitu ambacho mnunuzi alikitarajia.

5.0 MIPANGILIO NA MAANA YAKE

Juno-60 inafaa kuchunguzwa kama mfano, kwa kuwa apejieta yake ilikuwa na sehemu chache na zote zilionekana. Upande wa kushoto wa uso wa chombo palikuwa na kitufe cha kuiwasha, swichi ya mwelekeo yenye nafasi tatu, swichi ya upana yenye nafasi tatu, na kitelezi cha kasi. Kitufe cha kushikilia kilikuwa karibu. Hapakuwa na ukurasa wa kuufungua wala namba ya kuikumbuka.

5.1 Mwelekeo

Nafasi tatu za mwelekeo zilikuwa kupanda, kushuka, na kupanda kisha kushuka. Mpigaji akishika do, mi na so, nafasi ya kupanda hutoa do, mi, so, kisha huanza upya. Mpangilio huu unaonekana wa kawaida, lakini una tokeo la kimdundo. Tuseme kila hatua ni robo ya pigo, na muziki una mapigo manne katika kila kipimo. Kipimo kimoja basi kina hatua 16. Mzunguko wa noti tatu hauingii kamili ndani ya 16, hivyo do haitaangukia mwanzo wa kipimo cha pili. Itarudi kuangukia mwanzo wa kipimo baada ya hatua 48, yaani vipimo vitatu. Mpigaji akiongeza kidole cha nne kwenye kordi, mzunguko unakuwa wa hatua nne na unakaa sawa na ngoma daima. Kidole kimoja kimegeuza mdundo unaohamahama kuwa mdundo uliotulia.

Nafasi ya kupanda na kushuka ina utata wake. Katika mashine zisizorudia noti za mwisho, kordi ya noti tatu hutoa do, mi, so, mi, yaani hatua nne. Katika zile zinazorudia, hutoa do, mi, so, so, mi, do, yaani hatua sita. Wapigaji waliohama kutoka chombo kimoja hadi kingine walikuta mkono uleule ukitoa mdundo tofauti.

Jupiter-4 ilikuwa na nafasi ya ziada, ya kubahatisha, ambamo mashine ilichagua noti yoyote kati ya zilizoshikwa. Nick Rhodes, mpigaji wa kinanda wa kundi la Duran Duran la Birmingham, aliitumia nafasi hiyo katika wimbo Rio wa mwaka 1982. Milio inayorukaruka katika wimbo huo haikutungwa noti kwa noti na mtu yeyote. Hata hivyo haiwezi kutoka nje ya kordi, kwa kuwa noti zilizoruhusiwa ni zile tu zilizokuwa chini ya vidole. Ni mfano ulio wazi zaidi wa mgawanyo unaojadiliwa hapa: bahati ilipewa mashine, mipaka ya bahati ikabaki kwa mtu.

5.2 Upana

Swichi ya upana huamua kordi irudiwe katika oktavu ngapi: moja, mbili au tatu. Kordi ya noti tatu yenye upana wa oktavu mbili huwa na hatua sita, na ya oktavu tatu huwa na hatua tisa. Hapa mashine inafanya jambo ambalo mkono mmoja usiohama hauwezi, kwa kuwa kiganja cha kawaida hufika oktavu moja na ziada kidogo. Upana mkubwa una gharama yake pia: kadiri mzunguko unavyorefuka, ndivyo sikio linavyochelewa kutambua kuwa kordi imebadilika. Kwa sababu hiyo upana wa oktavu moja unafaa nyimbo zenye kordi zinazobadilika upesi, na upana wa oktavu tatu unafaa kordi zinazokaa muda mrefu.

5.3 Kushikilia

Kitufe cha kushikilia huiwezesha apejieta kuendelea baada ya vidole kuinuka. Faida yake ni dhahiri: mikono yote miwili huwa huru kuhamisha vitelezi vya kichujio na kubadili rangi ya sauti wakati noti zikiendelea. Katika vyombo vingine, noti mpya huongezwa juu ya zilizoshikiliwa. Katika vingine, kordi mpya huifuta ya zamani. Kwa kitufe hiki mpaka kati ya apejieta na sikwensa huwa mwembamba mno, kwa kuwa chombo sasa kinaweza kuendelea bila mtu. Kinachoitofautisha bado ni kwamba mabadiliko ya kordi yanamsubiri mpigaji.

6.0 SUALA LA SAA

Kati ya mipangilio yote, iliyokuwa na athari kubwa zaidi kihistoria ni ile iliyohusu saa. Apejieta ikitumia saa yake ya ndani, kasi huwekwa kwa kitelezi, na kitelezi hakina alama ya mapigo kwa dakika. Mpigaji alilazimika kusikiliza ngoma na kukisogeza mpaka noti zikaenda pamoja nazo. Baada ya muda, tofauti ndogo isiyosikika hujikusanya, na apejio huachana na ngoma. Aidha, noti ya kwanza hulia pale kidole kinapobonyeza. Mpigaji akichelewa kidogo, noti zote zinazofuata huchelewa kwa kiasi kilekile, hata kama kasi ni sahihi.

Suluhisho lilikuwa tundu dogo nyuma ya chombo lililopokea saa ya nje. Juno-60 ilikuwa nalo. Pigo la umeme lililoingia hapo lilisogeza apejio hatua moja. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, ya mwaka 1980, ilikuwa na matundu ya kutoa mapigo ya aina hiyo, likiwamo la sauti ya njuga ya ng'ombe. Mpangilio uliokuja kuwa wa kawaida ulikuwa huu: waya hutolewa kwenye tundu la njuga hadi kwenye tundu la saa la Juno-60, sauti ya njuga katika mashine ya ngoma hushushwa hadi sifuri, kisha hatua za njuga huandikwa katika mfumo wa hatua 16. Apejieta ilisogea pale tu njuga isiyosikika ilipopiga.

Matokeo yake yalizidi usawazishaji. Saa ya ndani hupiga hatua zilizo sawa daima. Njuga, kwa upande wake, iliweza kuandikwa na mapengo. Mpigaji aliyeziacha wazi hatua ya nne, ya saba na ya kumi na mbili aliipa apejio mdundo wake, na si kasi tu. Kwa waya mmoja, sehemu ya uamuzi wa wakati ilirudi mikononi mwa mtu, ingawa safari hii ilirudi kwa njia ya kuandika kabla, wala si kwa kupiga.

7.0 MGOGORO WA KAZI, 1982

Haikuwa rahisi kwa wanamuziki wote kuyapokea mabadiliko hayo kwa utulivu. Mwezi Mei 1982, mwezi ambao albamu Rio ilitoka, tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza, mashine za ngoma na vifaa vya umeme vyenye uwezo wa kuiga ala za kawaida vipigwe marufuku. Hofu iliyolisukuma azimio hilo ilikuwa ya ajira: mpigaji mmoja wa kinanda alionekana kuwa tayari kuchukua nafasi ya safu nzima ya fidla. Marufuku hayo hayakuwa sera ya chama kizima.

Azimio hilo mara nyingi husimuliwa kwa dhihaka, kama ushahidi wa watu walioogopa maendeleo. Usimulizi huo haulitendei haki swali lililoulizwa. Wapigaji wa fidla waliokosa kazi hawakukosea kuhusu hesabu. Katika ziara na studio nyingi, idadi ya watu waliolipwa kweli ilipungua. Swali hilohilo lilijitokeza kwa sura nyingine katika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990, vikundi vya taarab ya kisasa vya Tanzania, kama East African Melody na TOT, viliweka kinanda cha umeme mahali ambapo taarab asilia ilikuwa na fidla nyingi, kanuni na akodioni. Wasikilizaji wengi walivutiwa, na wapenzi wa taarab asilia walilalamika kuwa okestra imemezwa na mtu mmoja.

Pamoja na hayo, apejieta ina nafasi ya pekee ndani ya mgogoro huu. Sauti ya fidla katika sinthesaiza ilichukua kazi ya mtu mwingine. Apejieta, kwa kiasi kikubwa, ilichukua kazi ya mpigaji mwenyewe, yaani mkono wake wa kushoto na saa za mazoezi zilizouzoeza. Aliyenufaika na aliyepoteza walikuwa mtu mmoja. Huenda ndiyo sababu mjadala wake ulijikita zaidi katika suala la ustadi kuliko ajira: je, aliyeshika kordi tatu na kuiacha mashine ikimbie amepiga muziki, au ameuwasha?

8.0 KUFIFIA BAADA YA MWAKA 1983

Mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya ala nchini Marekani, chombo cha Sequential Circuits kiliunganishwa na cha Roland, na kimoja kikakipiga kingine. Mfumo uliowezesha jambo hilo uliitwa MIDI, na ulitokana na juhudi zilizoongozwa na Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland. Miongoni mwa mambo uliyoyaweka bayana ni saa ya pamoja yenye mapigo 24 katika kila noti ya robo. Tatizo la kusawazisha lililokuwa likitatuliwa kwa waya na njuga isiyosikika sasa lilikuwa na jibu la kiwango cha kimataifa.

Ingetarajiwa kwamba hatua hiyo ingeiimarisha apejieta. Kilichotokea ni kinyume chake. Juno-106 ya mwaka 1984, iliyorithi nafasi ya Juno-60, ilikuja na MIDI lakini bila apejieta. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 haikuwa nayo, wala Roland D-50 ya mwaka 1987, wala Korg M1 ya mwaka 1988. Hivi vilikuwa miongoni mwa vinanda vilivyonunuliwa na kusikika zaidi katika muongo huo.

Sababu mbili zinabainika. Ya kwanza ni kuhama kwa kazi. Kwa MIDI, mfuatano wowote wa noti uliweza kuandikwa, kusahihishwa na kuhifadhiwa nje ya kinanda. Kompyuta ya Atari ST ya mwaka 1985 ilikuwa na matundu ya MIDI, na programu kama Cubase ya mwaka 1989 iliigeuza kuwa kitovu cha studio. Korg M1 yenyewe ilibeba sikwensa ya njia 8 ndani yake. Mwanamuziki aliyeweza kuandika noti yoyote mahali popote hakuona haja ya kifaa kinachopanda na kushuka tu. Sababu ya pili ni sura ya vyombo. DX7 iliondoa vizungushio vingi na kuweka vitufe bapa pamoja na kitelezi kimoja cha kuingizia thamani. Apejieta ni kifaa cha kurekebishwa wakati muziki unalia. Katika chombo ambacho kila badiliko linahitaji kutafutwa ndani ya kurasa, ilikuwa imepoteza makazi yake.

9.0 KUREJEA, 1995–2001

Katikati ya miaka ya 1990, muziki wa dansi wa kielektroniki wa Ulaya na Marekani uliviinua tena vyombo vya zamani vya analogi ambavyo vilikuwa vimeuzwa kwa bei ya chini. Watengenezaji waliusoma mwelekeo huo. Mwaka 1995 kampuni ya Clavia ya Uswidi ilitoa Nord Lead, chombo cha kidijiti kilichoiga utendaji wa analogi na kurejesha vizungushio usoni. Mwaka 1997 Access ya Ujerumani ilitoa Virus. Vyote viwili vilikuwa na apejieta, na safari hii ziliweza kufuata saa ya MIDI. Kasi haikupimwa tena kwa sikio; ilichaguliwa kama sehemu ya pigo, yaani nusu, robo au theluthi.

Hatua iliyofuata ilibadilisha maana ya kifaa chenyewe. Mwaka 2001 Yamaha ilitoa Motif, ambayo apejieta yake ilibeba hazina ya vipande vya gitaa, besi na ngoma vilivyotayarishwa. Mwaka huohuo Korg ilitoa Karma, iliyojengwa juu ya mfumo wa Stephen Kay wa kuzalisha vipande vya muziki papo hapo kutokana na noti zilizoshikwa. Kordi moja iliweza kutoa mchanganyiko wa ala kadhaa unaobadilika. Kwa kipimo kilichowekwa katika sehemu ya 2.0, vyombo hivi vilivuka mpaka na kusogea upande wa usindikizaji wa kujiendesha. Jina lilibaki apejieta. Sehemu ya kazi iliyobaki kwa mpigaji ilikuwa imepungua.

Ni jambo lenye maana, basi, kwamba apejieta sahili haikufutwa na zile tata. Programu za kutengenezea muziki kwenye kompyuta zimeendelea kuiga swichi zilezile za mwelekeo, upana na kasi. Muziki wa utangulizi wa tamthilia ya Stranger Things ya mwaka 2016, uliotungwa na Kyle Dixon na Michael Stein, umejengwa juu ya kordi moja inayovunjwa na kurudiwa, huku kichujio kikifunguka polepole. Kinachoshika sikio humo ni mabadiliko ya rangi ya sauti, wala si wingi wa noti.

10.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha mambo matatu. Kwanza, apejieta ya kinanda ilizaliwa kwa sababu mikroprosesa iliyowekwa ili kugawa sauti za kordi ilikuwa tayari inazijua noti zote zilizoshikwa. Pili, mipangilio yake michache ilikuwa na uzito wa kimuziki: idadi ya vidole iliamua mdundo, upana uliamua kasi ya kusikika kwa mabadiliko ya kordi, na chanzo cha saa kiliamua nani anashika wakati. Tatu, kufifia kwake hakukutokana na kuchokwa, bali na kuhamishwa kwa kazi yake kwenda mahali ambapo noti huandikwa kabla ya kupigwa.

Swali la iwapo mwenye apejieta amepiga muziki au ameuwasha halijibiwi kwa kukitazama kifaa peke yake. Linajibiwa kwa kutazama kilichobaki mikononi mwake. Katika Juno-60, kilichobaki kilikuwa kordi, saa ya kuibadilisha, na kidole cha nne kinachoweza kuugeuza mdundo mzima. Hicho si kidogo. Mkono wa kushoto wa karne ya 18 haukuwa na zaidi ya hapo isipokuwa uchovu, na historia ya apejieta inaonyesha kwamba uchovu ndio hasa mashine iliouchukua, mradi mpigaji aliendelea kuwa ndiye anayeamua noti zipi ziwe chini ya vidole vyake.